Kitambaa Ndani ya Mshipa Mkuu

Mwaka 1925 daktari wa upasuaji Rudolph Matas wa New Orleans, Marekani, alitoa taarifa kuhusu mgonjwa mmoja tu. Aprili 1923 alikuwa amemfunga mwanamke huyo mshipa mkuu wa tumbo uliovimba, na sasa alieleza kwa hesabu kamili muda alioishi baada ya hapo: mwaka 1, miezi 5 na siku 9. Kilichomuua hakikuwa mshipa bali kifua kikuu. Matas alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60, mwenye jina katika tiba ya mishipa tangu 1888, lakini siku za mgonjwa huyu alizihesabu moja moja. Waliomtangulia kuufunga mshipa huo waliwazika wagonjwa wao mapema.

Historia nzima ya tiba hii inaweza kufuatwa kwa swali hilohilo: mgonjwa aliishi muda gani? Jibu lilianza kwa saa, likawa miezi, kisha miaka. Na kila muda wa kuhesabu uliporefushwa, tiba iliyokuwa ikisifiwa ilionekana kwa sura nyingine.

Mshipa unaozungumzwa ni aota. Hutoka moyoni, hupinda kifuani, kisha hushuka mbele ya uti wa mgongo hadi usawa wa kitovu, ambako hugawanyika kuelekea miguu miwili. Kwa mtu mzima, sehemu yake ya tumboni huwa na upana wa sentimita 2 hivi. Ukuta ukidhoofika, mshipa hutanuka polepole kwa miaka, na ukifikia sentimita 3 madaktari huuita anurizimu. Anayeupata zaidi ni mwanamume aliyepita miaka 65 na aliyevuta sigara. Shinikizo la damu na urithi wa familia huongeza hatari. Mara nyingi hauumi. Unapopasuka, mtu hushikwa na maumivu makali ya mgongo au tumbo, shinikizo lake la damu huporomoka, na kwa makadirio ya kawaida watu 8 kati ya 10 hufa, wengi wao kabla ya kufika hospitali.

Juni 1817, katika hospitali ya Guy's jijini London, Astley Cooper alikabiliwa na mchukuzi wa mizigo wa miaka 38 aliyekuwa akivuja damu kutoka kwenye uvimbe wa kinena. Dawa ya usingizi ilikuwa haijaanza kutumika. Cooper alikata tumbo karibu na kitovu, akapenyeza kidole katikati ya utumbo mpaka akauhisi mshipa ukipiga juu ya uti wa mgongo, akapitisha uzi chini yake na kuufunga. Mgonjwa aliishi saa 40 hivi.

Baada yake walikuja waliojaribu kuugandisha uvimbe badala ya kuufunga. Mwaka 1864 Charles Moore wa London aliingiza waya mrefu mwembamba ndani ya anurizimu ya kifua ili damu igande kuuzunguka. Wengine baadaye waliupitisha umeme kwenye waya kama huo. Karne iliyofuata ikaja selofeni, ileile karatasi angavu ya kufungia vitu. Ilikwishaonekana kwamba aina fulani za selofeni huuchokoza mwili ukajenga kovu gumu, na kovu hilo lingeweza kuukaza ukuta uliolegea.

Desemba 1948 selofeni hiyo ilizungushwa kwenye aota ya Albert Einstein. Alikuwa ameingia hospitali ya Wayahudi ya Brooklyn kwa maumivu ya tumbo yaliyokuwa yakimrudia. Daktari wake, Rudolf Nissen, Myahudi aliyeihama Ujerumani mwaka 1933 na kupitia Istanbul kabla ya kufika Marekani, alifungua tumbo na kukuta anurizimu yenye ukubwa wa balungi. Akaifunika kwa selofeni na kulifunga tumbo. Einstein aliishi miaka sita na zaidi. Aprili 1955 uvimbe ulianza kuvuja. Wakati huo upasuaji wa kuuondoa ulikuwa umekwisha kuanza, na daktari bingwa kutoka New York aliitwa kumwona, lakini Einstein alikataa kupasuliwa. Alifariki Princeton tarehe 18 Aprili, akiwa na miaka 76. Ukimhesabu kwa muda tu, selofeni ilimpa siku nyingi kuliko wengi waliofanyiwa makubwa zaidi katika miaka hiyo. Lakini mgonjwa mmoja si ushahidi wa tiba, na selofeni haikudumu.

Mlango wenyewe ulifunguliwa Paris. Tarehe 29 Machi 1951, katika hospitali ya Broussais, Charles Dubost aliikata anurizimu ya mwanamume wa miaka 50 na kuiziba nafasi yake kwa kipande cha aota ya binti wa miaka 20 aliyekuwa amefariki wiki tatu kabla. Kushona mshipa kwa mshipa bila kuvuja kulikuwa kumefundishwa mapema na Mfaransa mwingine, Alexis Carrel, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1912. Dubost aliutumia ufundi huo pale ambapo wengi waliogopa kugusa. Mgonjwa wake aliishi miaka 8.

Kwa muda mfupi ilionekana kama jawabu limepatikana, na madaktari wa Houston, New York na London wakaanza kufanya hivyo hivyo. Ila mishipa ya maiti ilikuwa michache na migumu kuhifadhi. Kisha vipande vilivyopandikizwa vikaanza kuharibika: vingine viliota chokaa, vingine vilitanuka na kupasuka kama vile vilivyoondolewa. Ilibidi kutafuta kitu ambacho mwili hauwezi kukila.

Kilipatikana dukani. Mwaka 1947 Arthur Voorhees, daktari kijana wa Chuo Kikuu cha Columbia, alikuwa akifanya majaribio ya moyo kwa mbwa, uzi mmoja wa hariri ukapita kimakosa katikati ya chumba cha moyo. Miezi baadaye alipoukagua moyo huo aliukuta uzi umefunikwa na utando laini unaong'aa. Akajiuliza kama kitambaa nacho kingefunikwa hivyo damu ikipita juu yake. Alijaribu kushona bomba dogo la leso ya hariri, kisha akahamia Vinyon N, kitambaa imara cha viwandani. Mwaka 1952 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya mbwa, na mwaka 1954 ya binadamu.

Houston, Michael DeBakey, mtoto wa wahamiaji wa Lebanon aliyefundishwa kushona na mama yake, alikwenda dukani kununua nailoni. Nailoni ilikuwa imekwisha. Muuzaji akampa kitambaa kipya kiitwacho Dacron. DeBakey alikata vipande viwili, akavishona pembeni kwa cherehani ya mkewe vikawa bomba. Baadaye mtaalamu wa ufumaji wa Philadelphia, Thomas Edman, alimtengenezea mashine iliyofuma bomba zima bila mshono, hata lenye matawi mawili kama aota inapogawanyika. Nailoni ilidhoofika mwilini baada ya muda. Dacron haikudhoofika, na ndugu zake wa kiwandani wangali wakishonwa ndani ya matumbo ya watu mpaka leo.

Upasuaji uliotokana na vitambaa hivyo ni mzito. Tumbo hupasuliwa kutoka chini ya kifua hadi karibu na kinena, utumbo ukasogezwa upande wa kulia na kufunikwa kwa vitambaa vya unyevunyevu. Mshipa hubanwa kwa koleo chini kidogo ya mishipa ya figo, na matawi yake ya miguu hubanwa pia. Miguu hukosa damu kuanzia hapo, na kila mtu chumbani anajua hivyo. Mfuko hupasuliwa kwa urefu, ganda la damu iliyoganda kwa miaka hukokolewa kwa vidole, na vijishipa vinavyotapika damu kutoka nyuma hushonwa kimoja kimoja. Bomba hushonwa juu na chini. Zamani lilichovywa kwanza katika damu ya mgonjwa mwenyewe, igande kwenye matundu ya kitambaa, vinginevyo lingevuja kama kikapu. Mwisho ukuta wa mfuko wa zamani hukunjwa juu ya kitambaa na kushonwa, ili utumbo usije ukalala juu yake na kutobolewa.

Katika miaka ya mwanzo mgonjwa mmoja kati ya saba au zaidi angeweza kufia hapo. Ndiyo maana swali lililoulizwa na Emerick Szilagyi wa hospitali ya Henry Ford, Detroit, mwaka 1966 lilikuwa la uaminifu: je, upasuaji huu kweli unarefusha maisha, au unamwahisha mgonjwa kaburini? Alilinganisha waliopasuliwa na wasiopasuliwa, akaonyesha kwamba kwa anurizimu kubwa waliopasuliwa waliishi muda mrefu zaidi kwa kiasi kikubwa. Kwa zile ndogo jambo halikuwa wazi. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kulimaliza: utafiti wa Uingereza wa mwaka 1998, wenye wagonjwa 1,090, na wa Marekani wa 2002, wenye 1,136, yote miwili ikiwagawa wagonjwa kwa kura, ilionyesha kwamba kumpasua mtu kabla mshipa haujafika sentimita 5.5 hakumwongezei maisha kuliko kumpima mara kwa mara na kusubiri. Watu wengi waliachiwa matumbo yao kwa sababu ya namba hiyo.

Wakati huo mfumo wenyewe wa upasuaji ulikuwa umepinduliwa.

Mjini Kharkiv, Ukraine, enzi za Umoja wa Kisovieti, Nikolay Volodos alitengeneza bomba la kitambaa lenye waya wa chuma unaofumuka, akalisukuma kupitia mshipa wa paja hadi kwenye aota ya kifua ya mgonjwa mwaka 1987. Aliandika kwa Kirusi, na kwa miaka mingi nchi za Magharibi hazikumtaja. Sifa ilikwenda Buenos Aires. Juan Parodi alikuwa na wazo kama hilo tangu 1976 alipokuwa mafunzoni Cleveland, lakini alikosa kitu cha kulishikilia bomba mahali pake mpaka Mwargentina mwenzake, Julio Palmaz, alipovumbua stenti, kibomba cha wavu wa chuma cha kutanuliwa kwa puto. Tarehe 7 Septemba 1990 Parodi alishona Dacron kwenye stenti, akaikunja ndani ya mrija, akaipitisha kwenye kinena cha mgonjwa ambaye mapafu yake mabovu yasingestahimili tumbo kupasuliwa. Puto likavimbishwa, stenti ikajikaza kwenye ukuta, damu ikaanza kupita ndani ya kitambaa. Mwaka uliofuata alitangaza wagonjwa watano wa kwanza.

Ni rahisi kuelewa kilichofuata. Mgonjwa wa njia ya tumbo alikaa siku kadhaa chumba cha wagonjwa mahututi na miezi akijiuguza. Wa njia ya kinena alikunywa chai jioni hiyohiyo. Marekani iliruhusu vifaa viwili vya kwanza Septemba 1999, na katika miaka michache njia ya kinena ikawa ndiyo ya kawaida huko.

Kifaa kimojawapo, Ancure, kilikuwa na aibu ndani yake. Mrija wake ulikwama mara kwa mara ndani ya mwili wakati wa kutolewa, na kampuni ikaficha. Oktoba 2000 wafanyakazi saba wa kampuni hiyo waliandika barua bila kutaja majina kwa mamlaka ya dawa ya Marekani. Mwaka 2003 kampuni, tawi la Guidant, ilikiri makosa na kukubali kulipa dola milioni 92.4. Kati ya vifaa 7,632 vilivyouzwa, 2,628 vilikuwa vimeleta hitilafu ambazo hazikuripotiwa, na vifo 12 vilihusishwa nazo. Watu saba wale wanastahili nafasi katika historia hii sawa na mabingwa wenye sanamu.

Vifaa vilivyobaki vilihitaji kuhesabiwa kwa haki, na Waingereza ndio waliokaa muda mrefu kuliko wote wakihesabu. Chini ya Roger Greenhalgh wa London, utafiti ulioitwa EVAR 1 uliwagawa kwa kura wagonjwa 1,252 kati ya mwaka 1999 na 2004. Katika siku 30 za mwanzo, asilimia 1.8 ya waliotibiwa kwa njia ya kinena walikufa, dhidi ya asilimia 4.3 ya wa njia ya tumbo. Uholanzi ilipata picha hiyohiyo, na Marekani pia. Magazeti yakatangaza ushindi.

Baada ya miaka miwili mitatu nafuu ile ilikuwa imeyeyuka. Walionusurika mwanzoni walikuwa wamekufa baadaye kwa moyo, saratani na magonjwa mengine ya uzee. Na baada ya miaka 8 mizani ikageuka. Waliopasuliwa tumbo ndio waliokuwa wakifa kwa uchache. Matokeo ya miaka 15, yaliyotolewa 2016, yalieleza sababu mojawapo: mifuko ya zamani ilikuwa ikipasuka. Bomba linaloshikiliwa kwa stenti halikushonwa. Ukuta ukiendelea kutanuka, kingo zake huachia, damu huvuja kati ya kitambaa na mfuko, shinikizo hurudi. Kumbukumbu za wazee wa bima ya Medicare nchini Marekani, jozi 39,966 za wagonjwa waliofanana, zilionyesha hivyo pia: ndani ya miaka 8 mshipa ulipasuka kwa asilimia 5.4 ya njia ya kinena, na kwa asilimia 1.4 tu ya njia ya tumbo. Utafiti wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, uliochapishwa 2019, haukuona tofauti ya uhai kwa muda mrefu kati ya njia hizo mbili. Kwa hiyo mgonjwa wa njia ya kinena huondoka hospitali mapema, lakini haachani nayo: hupimwa kila mwaka maisha yake yote, na anayekosa miadi hujihatarisha.

Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilipendekeza katika rasimu ya 2018 kwamba njia ya kinena isitumike kabisa kwa anurizimu ambazo hazijapasuka. Madaktari wa mishipa walipinga kwa nguvu. Mwongozo wa Machi 2020 ulilegeza kamba: mtu mwenye afya ya kustahimili apewe kwanza njia ya tumbo, na ile nyingine ifikiriwe kwa asiyeweza. Kwa mshipa uliokwisha kupasuka mambo ni tofauti. Utafiti wa IMPROVE, wenye wagonjwa 613, ulikuta vifo vya siku 30 karibu sawa, asilimia 35.4 na 37.4, lakini kufikia mwaka wa tatu waliopangiwa njia ya kinena walikuwa hai kwa wingi zaidi.

Waingereza walijihesabu pia kwa namna iliyowaumiza. Mwaka 2008 ulinganisho wa nchi za Ulaya ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 7 ya wagonjwa wao wa upasuaji wa kupanga walikuwa wakifa, mara mbili ya wastani wa wenzao. Chama cha madaktari wa mishipa hakikubishana na namba. Kilikusanya upasuaji katika hospitali chache zenye wagonjwa wengi na timu zilizozoea, kikalazimisha kila matokeo yaandikwe, na ndani ya miaka mitano vifo vilishuka chini ya asilimia 3. Hakuna kifaa kipya kilichovumbuliwa kwa ajili hiyo.

Yote haya humfaa anayejua kwamba ana uvimbe. Jioni ya Novemba 9, 1970, nyumbani kwake Colombey, Charles de Gaulle, aliyekuwa rais wa Ufaransa, alikaa mezani kupanga karata zake, akashika mgongo, akalalamika kwa maumivu, na muda mfupi baadaye akawa amefariki. Zilibaki siku 13 atimize miaka 80. Aota yake ya tumbo ilikuwa imepasuka, katika nchi ambamo Dubost alikuwa ameionyesha dunia tiba yake miaka 19 kabla.

Kipimo cha ultrasaundi hakiumi na huchukua dakika chache: jeli tumboni, kifaa kinapitishwa, upana unasomwa kwenye kioo. Alan Scott, daktari wa upasuaji wa Chichester, kusini mwa Uingereza, aliwaita wazee wa eneo lake kupimwa, wanaume kwa wanawake. Kazi yake ilizaa utafiti mkubwa wa wanaume 67,800 wenye miaka 65 hadi 74, nusu wakiitwa kupimwa na nusu wakiachwa kama kawaida. Matokeo ya 2002: vifo vya anurizimu 65 kwa walioitwa, 113 kwa wasioitwa. England ilianza mwaka 2009 kumwita kila mwanamume anapotimiza miaka 65, na kufikia 2013 nchi nzima ilikuwa imefikiwa. Sweden nayo ilifanya hivyo.

Katika utafiti ule, waliokutwa na anurizimu walikuwa karibu 5 kati ya kila 100. Leo mpango wa England huwakuta wenye nayo wapata mmoja kati ya 100. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nusu ya wanaume wa Uingereza walivuta sigara. Waliofikia miaka 65 miongo ya karibuni walikuwa wameacha, au hawakuanza kabisa. Vifo vya anurizimu vilianza kupungua kabla njia ya kinena haijaenea. Yeyote anayetaka kumshukuru mtu kwa uhai wa wazee hao aanze na waliopigania sigara ipandishwe kodi na iondolewe kwenye matangazo, kabla hajafika kwa mabingwa wa stenti.

Wanawake walibaki nje ya hesabu hii. Scott alikuta anurizimu kwa asilimia 1.3 tu ya wanawake aliowapima, dhidi ya 7.6 ya wanaume, na ndiyo sababu mpango ukawa wa wanaume. Lakini mshipa wa mwanamke ni mwembamba tangu mwanzo, na katika utafiti wa anurizimu ndogo mishipa ya wanawake ilipasuka kwa kasi kubwa kuliko ya wanaume yenye upana uleule. Vifo vyao baada ya upasuaji ni vingi zaidi kwa njia zote mbili. Namba ya 5.5 ilitokana zaidi na miili ya wanaume. Mwongozo wa Ulaya wa 2019 ulikubali kwamba kwa mwanamke upasuaji unaweza kufikiriwa kuanzia sentimita 5.0, bila utafiti wa kura wa kuushikilia. Utafiti huo sasa unafanyika, ukiongozwa kutoka Uingereza kwa jina la WARRIORS: wanawake wenye anurizimu kuanzia sentimita 4 wanagawanywa kati ya kutengenezwa mapema kwa njia ya kinena na kusubiri kwa vipimo, kisha wafuatiliwe kwa miaka.